Kufupisha, Kupima na Kujibu: Mwanafunzi wa Kiswahili Mbele ya Mtihani wa Utumishi wa Umma

Utangulizi

Katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho mtu hukifikia baada ya kuiacha barabara ya Kitui–Machakos pale Kwa Vonza, swali linalomsumbua mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa nne si la nadharia ya Umuundo wala la bahari za ushairi. Ni swali la kazi. Ualimu umekuwa mlango wa kwanza wa wengi wa aina yake, lakini foleni ya mlango huo ni ndefu, na macho hugeukia kwingine: Tume ya Utumishi wa Umma, bodi za utumishi za kaunti, na utawala wa maeneo, yaani ngazi za chifu, naibu wa kamishna na zinazofuata. Anapoikaribia milango hii hukutana na imani iliyoenea sana, hata miongoni mwa wanafunzi wenyewe, kwamba aliyesomea Kiswahili hana cha kupeleka huko. Sheria, uchumi na usimamizi, husemwa, ndizo taaluma za ofisi. Kiswahili ni taaluma ya darasa na ya jukwaa.

Makala haya yanaipinga imani hiyo, ingawa si kwa kauli za kujipa moyo. Yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya kile kinachopimwa katika mitihani na mahojiano ya utumishi wa umma ni stadi ambazo somo la Kiswahili huzifunza waziwazi tangu shule ya upili: ufupisho, uandishi wa kiuamilifu, usemi wa taarifa na tafsiri. Udhaifu wa mwanafunzi wa Kiswahili uko mahali pengine. Anazijua stadi hizo lakini anazidharau, kwa kuwa zinaonekana kavu zikilinganishwa na riwaya na tamthilia.

Asili ya mtihani huu

Mtihani wa kumchagua mtumishi wa dola ni wa kale. Uchina ilianza utaratibu huo chini ya nasaba ya Sui, na mwaka wa 605 ndio hutajwa zaidi. Ulidumu, kwa mabadiliko mengi, hadi ulipofutwa mwaka wa 1905. Jambo moja la historia hiyo linamhusu mwanafunzi wa fasihi moja kwa moja. Katika enzi ya Tang, mtahiniwa wa daraja la juu alitakiwa atunge shairi. Karne kadhaa baadaye, katika enzi ya Song, waziri Wang Anshi aliondoa utunzi wa mashairi na kuweka insha za kujadili sera, akishikilia kwamba ufundi wa vina hauonyeshi kama mtu anaweza kuendesha wilaya. Ubishi huo haujaisha hata leo, na pengine Wang Anshi alikuwa na haki nusu tu. Aliyewahi kutunga shairi la arudhi anajua kwamba mizani humfunza mtu kukata neno lisilohitajika, na ofisi haina adui mkubwa kuliko neno lisilohitajika.

Uingereza iliufuata mkondo huo kwa kuchelewa. Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka wa 1854 ilipendekeza kwamba nafasi za serikali zigawanywe kwa mashindano ya mtihani badala ya upendeleo wa wakubwa, na kufikia mwaka wa 1870 mashindano ya wazi yalikuwa yamekubaliwa kwa sehemu kubwa ya idara. Huko India, mashindano ya kuingia utumishi wa juu yalianza mwaka wa 1855, lakini mtihani ulifanyiwa London. Kijana wa Kihindi alilazimika kuvuka bahari ili aitumikie nchi yake mwenyewe. Satyendranath Tagore ndiye wa kwanza kati yao kufaulu, mwaka wa 1863, na ilichukua hadi mwaka wa 1922 ndipo mtihani huo ukafanyiwa India pia.

Afrika ya Mashariki ina kisa chake, na kisa hiki kina kinaya ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kukipita bila kukitazama. Mtahiniwa wa kwanza wa lugha katika utumishi wa serikali za kikoloni hakuwa Mwafrika. Alikuwa Mzungu, na lugha aliyotahiniwa ilikuwa Kiswahili. Wajerumani waliwafunza maafisa wao lugha hii katika Seminari ya Lugha za Mashariki mjini Berlin, iliyoanzishwa mwaka wa 1887. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetokea Bagamoyo, alikuwa miongoni mwa waliofundisha huko mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza nao waliweka mitihani ya Kiswahili ya daraja la chini na ya daraja la juu. Afisa wa utawala aliyetumwa Kenya au Tanganyika alitarajiwa kufaulu mtihani huo ili athibitishwe kazini na apande ngazi.

Mitihani hiyo ilizaa vitabu, na vitabu hivyo vinaonyesha kwamba watahiniwa hawakuwa wa aina moja. Sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka wa 1944 ilimchukulia msomaji wake kuwa mtu anayetaka kuielewa lugha kutoka ndani. Kitabu cha F. H. le Breton kuhusu Kiswahili cha bara kilimlenga mlowezi, askari na mfanyabiashara aliyetaka kuamuru kazi ifanyike. Wapo maafisa waliovuka mpaka wa mtihani kabisa: H. E. Lambert, aliyekuwa afisa wa utawala nchini Kenya, aliishia kuchunguza lahaja za Chi-Jomvu, Ki-Vumba na Chi-Chifundi. Nia ya serikali, hata hivyo, haikuwa heshima kwa lugha. Ilikuwa kodi, kesi na amri. Hata hivyo mkoloni alikuwa ameelewa jambo moja: afisa asiyesikia analoambiwa na raia ni mzigo kwa serikali inayomlipa.

Baada ya Uhuru wa mwaka wa 1963 kipimo kiligeuka. Afisa sasa alikuwa Mwafrika, ikachukuliwa kwamba Kiswahili anacho, na Kiingereza kikawa ndicho kipimo cha usomi wake. Mahali pamoja tu ndipo sheria ilipoendelea kupima Kiswahili cha mwenye mamlaka, nako ni Bunge. Rais Kenyatta alipotangaza mwaka wa 1974 kwamba Bunge litumie Kiswahili, wapo wabunge waliojikuta mabubu kwa ghafla. Kifungu cha 34 cha Katiba ya zamani, kama kilivyokuja kuandikwa, kilimtaka mgombea ubunge aweze kuzungumza na kusoma Kiswahili na Kiingereza kwa kiwango cha kumwezesha kushiriki katika shughuli za Bunge. Mbunge alipimwa, afisa wa wilaya hakuulizwa.

Mlango ulivyo sasa

Nchini Kenya hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kuingia utumishi wa umma. Kuna tangazo la nafasi, fomu ya maombi, mchujo wa vyeti, majaribio ya maandishi kwa baadhi ya nafasi, kisha mahojiano mbele ya jopo. Baada ya kuajiriwa, makarani na maafisa wa utawala hukutana na mitihani ya umahiri ambayo matokeo yake huhusu kuthibitishwa au kupandishwa cheo. Mwanafunzi anayesema kwamba mtihani uko India na Uchina tu atashangaa kuukuta akiwa tayari ameshika kazi.

Tanzania imeuweka utaratibu wake wazi zaidi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huendesha usaili wa mchujo kwa maandishi, wa vitendo kwa baadhi ya kada, na wa mahojiano. Ukubwa wa mashindano hayo ulionekana kwa macho mwezi wa Juni mwaka wa 2014, pale waombaji zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam kufanya usaili wa Idara ya Uhamiaji. Nafasi zilizotangazwa zilikuwa 70. Kwa kila nafasi waliketi watu zaidi ya 140 juani, karatasi mapajani.

Sheria ya Kenya inaeleza namna ya kugawa nafasi chache kwa watu wengi. Ibara ya 232 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inataja ushindani wa haki na sifa za mwombaji kuwa msingi wa uteuzi, pamoja na uwakilishi wa jamii mbalimbali, wa wanaume na wanawake, na wa watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa kwenye kaunti husika. Mwanafunzi wa Kwa Vonza ambaye si Mkamba asidhani basi kwamba Kitui imemfungia mlango, na aliye Mkamba asidhani kwamba umeachwa wazi kwa ajili yake peke yake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni maandishi tu na kwamba kazi hupewa mwenye mtu ndani. Kauli hii haiwezi kupuuzwa. Februari mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti uliofichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi miongoni mwa watumishi wa taasisi za umma. Kila kimojawapo kilikuwa kimekalia kiti cha mtu aliyesoma kweli. Lakini mwanafunzi anayeifanya kauli hiyo kuwa sababu ya kutojiandaa anawasaidia wenye vyeti hivyo, kwani anawaachia uwanja.

Ufupisho ndio kiini

Mtahiniwa wa Kiswahili katika KCSE ya mfumo wa 8-4-4 hukutana na karatasi tatu. Ya kwanza ni ya insha, na ndani yake mna kumbukumbu za mkutano, ripoti, barua rasmi, memo, hotuba. Ya pili ina ufahamu wa alama 15, ufupisho wa alama 15, matumizi ya lugha kwa alama 40 na isimujamii kwa alama 10. Ya tatu ni fasihi. Mtu akifika chuo kikuu, karatasi ya tatu humeza nyingine zote. Anaisoma fasihi kwa miaka minne, naye anaukumbuka ufupisho kama adhabu ya ujana. Sasa na atazame kazi ya afisa: asubuhi huletewa faili la kurasa 40, na kabla ya saa sita mkubwa wake anataka kujua kwa nusu ukurasa limesema nini na lifanyiwe nini. Huo ni ufupisho, ila bila mtu wa kuhesabu maneno.

Mfano wa kutungwa utasaidia. Tuseme mtahiniwa amepewa barua ifuatayo:

Sisi wakazi wa kijiji kilicho karibu na Kwa Vonza tunaandika kwa masikitiko. Kisima chetu kilichimbwa miaka minne iliyopita. Mwezi wa Juni mashine ya kuvuta maji iliharibika. Tuliripoti kwa ofisi ya wadi mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo na mara ya pili kwa barua, hatukujibiwa. Sasa akina mama wanatembea kilomita saba hadi mtoni na kuchimba mchangani, na watoto wanachelewa shuleni. Fundi tuliyemwita alikisia kwamba ukarabati utagharimu Sh 180,000. Tumechanga Sh 42,000. Tunaomba Serikali itukumbuke.

Anaulizwa aifupishe kwa maneno yasiyozidi 60, kisha apendekeze hatua. Mwanafunzi aliyezoea insha za mapambo huandika hivi: wakazi wa Kwa Vonza wanapitia hali ngumu mno ya ukosefu wa maji, ambayo ni uhai, huku akina mama wakiteseka na watoto wakikosa elimu, ni jambo la kuhuzunisha kwamba ofisi ya wadi imewapuuza, na Serikali yafaa iingilie kati kwa haraka.

Aya hiyo ina sarufi safi na haina thamani yoyote ofisini. Tarakimu zote zimepotea. Watoto waliochelewa wamegeuzwa kuwa watoto waliokosa elimu, jambo ambalo barua haikulisema. Neno "imewapuuza" ni hukumu iliyotolewa kabla ya upande wa pili kusikilizwa. Huenda barua ilipotea, huenda afisa alihamishwa. Na "kuingilia kati kwa haraka" si hatua, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kutumwa kesho asubuhi akaingilie kati.

Jibu lililo bora lingekuwa karibu na hili: Wakazi wanasema mashine ya kisima chao iliharibika Juni na kwamba waliripoti mara mbili kwa ofisi ya wadi, mara moja kwa barua, bila kujibiwa. Wanateka maji umbali wa kilomita saba; watoto huchelewa shuleni. Fundi alikisia ukarabati kuwa Sh 180,000. Wamechanga Sh 42,000. Pengo ni Sh 138,000. Wanaomba msaada wa Serikali.

Kitenzi "wanasema" hakikuchaguliwa ovyo. Mwanafunzi amefunzwa kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa, lakini mara nyingi amefunzwa kama mchezo wa nyakati na viwakilishi: "leo" igeuke "siku hiyo", "hapa" igeuke "hapo". Ofisini, usemi wa taarifa ni chombo cha haki. Ukiandika "wanadai", umepanda shaka juu ya wakazi hata kabla ya kuchunguza, maana katika matumizi ya leo kitenzi hiki hunong'ona kwamba msemaji huenda anadanganya. Ukiandika "wanakiri", umewafanya washtakiwa. Ukiondoa kitenzi chochote cha kusema na kuandika moja kwa moja kwamba ofisi haikujibu, umeyafanya maneno yao kuwa ushahidi wako. "Wanasema" na "wanaeleza" huacha mzani katikati. Makisio ya fundi nayo yabaki makisio. Yasigeuke bei kwa sababu yameandikwa kwa tarakimu.

Kuna tena neno "itukumbuke". Hapa msomaji wa fasihi ana macho ambayo wengine hawana. Wakazi hawasemi Serikali imesahau tu. Wanaomba kitu bila kukitaja, kwa adabu ya mwombaji mbele ya mkubwa. Je, wanaomba pesa, fundi, au mashine mpya? Barua haisemi. Ndiyo maana jibu la pili limeandika "msaada" na kuacha hapo, badala ya kuwatilia mdomoni ombi la Sh 138,000. Atakayeitafsiri barua hiyo kwa Kiingereza neno kwa neno atawafanya waonekane wanalalamikia kusahauliwa, na ombi litapotea njiani.

Sehemu ya pili ya swali ndiyo inayopima maarifa ya sheria. Serikali ipi? Jedwali la Nne la Katiba linaziweka huduma za maji na usafi chini ya kaunti. Afisa wa serikali ya kitaifa anayepokea barua hiyo hana bajeti ya kisima, wala hana ruhusa ya kuitupa. Pendekezo lake lingekuwa na hatua kama hizi: kuangalia katika rejesta ya ofisi ya wadi kama barua ya kwanza ilipokelewa, kuipeleka barua hii kwa idara ya maji ya kaunti pamoja na ombi kwamba fundi wao akague mashine na kuthibitisha gharama, na kuwaandikia wakazi, kwa Kiswahili, kuwaeleza barua yao iko kwa nani na lini watarajie jibu. Hatua ya tatu ndiyo inayosahauliwa na watahiniwa wengi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa na watawala kwa haki, na bila kucheleweshwa. Raia aliyejibiwa "bado" ametendewa vizuri kuliko aliyeachwa kimya.

Maarifa hayo ya sheria hayana njia ya mkato, ila hayana wingi unaotisha pia. Anayejiandaa asome Katiba yenyewe, hasa Ibara ya 10 kuhusu maadili ya kitaifa, Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu, Sura ya Kumi na Moja kuhusu ugatuzi, Sura ya Kumi na Tatu kuhusu utumishi wa umma, na Jedwali la Nne. Aongeze Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Vitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa barabarani havitoshi. Humfunza mtu kukariri majina ya mawaziri, nayo majina hayo hubadilika.

Istilahi na lugha mbili

Njia nzuri ya kusoma sheria hizo ni kuzisoma kwa lugha zote mbili. Tafsiri ya Kiswahili ya Katiba ipo. Ibara ya 259 inasema kwamba matoleo ya lugha tofauti yakipingana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa, na kwa hiyo mwanafunzi asije akajenga hoja ya kisheria juu ya neno la Kiswahili pekee. Lakini anayelazimika kutafuta tofauti kati ya uwajibikaji na uwazi, kati ya usawa wa kugawa sawasawa na usawa wa kumpa kila mtu kulingana na haja yake, kati ya ukaguzi wa hesabu na uchunguzi, huyo hawezi tena kuyatamka maneno hayo mbele ya jopo kama kasuku. Lugha ya pili humnyima mtu nafasi ya kujificha nyuma ya neno asilolielewa.

Atakutana pia na tofauti za Kenya na Tanzania. Kile ambacho vitabu vya shule vya Kenya huita kumbukumbu za mkutano, ofisi za Tanzania hukiita muhtasari wa kikao. Na muhtasari kwa mwanafunzi wa Kenya ni ufupisho. Tanzania imeviendesha vikao, nyaraka na barua za ofisi kwa Kiswahili kwa miongo mingi, na msamiati wake wa utawala umepevuka kwa kutumiwa. Mkenya anayejiandaa angefaidika kwa kusoma matangazo na nyaraka za huko, bila kuyaiga yote.

Swali gumu zaidi ni la lugha ya mtihani wenyewe. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hata hivyo maombi, majaribio na mahojiano ya nafasi nyingi za wahitimu nchini Kenya huendeshwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kiswahili asidanganywe na mtu: Kiingereza chake kikiyumba, atakwama mlangoni, na hakuna alama za huruma. Apange muda wa kukinoa.

Lakini si lazima mambo yawe hivyo daima. India, iliyorithi mtihani kutoka kwa mkoloni yuleyule, iliwaruhusu watahiniwa wa utumishi wake wa juu kuanzia mwaka wa 1979 kuandika majibu yao kwa lugha yoyote kati ya zile zilizotajwa katika Jedwali la Nane la katiba yake, ambazo leo ni 22. Karatasi ya Kiingereza ipo, ila ni ya kufuzu tu. Alama zake haziingii katika mpangilio wa washindi. Mtahiniwa anaweza hata kuchagua fasihi ya lugha yake kuwa somo la hiari. Uamuzi huo haukumaliza ugomvi: mwaka wa 2014 watahiniwa waliosomea Kihindi waliandamana wakisema jaribio la awali liliwapendelea waliosomea Kiingereza, na alama za sehemu ya ufahamu wa Kiingereza zikaondolewa mwaka huohuo. Lugha ya mtihani ni suala la mgao wa mamlaka, na wenye kuguswa hawakunyamaza.

Hoja ya Kenya ina nguvu zaidi inapotazamwa kutoka Kwa Vonza kuliko kutoka Nairobi. Maafisa wa utawala kwa kawaida hutumwa mbali na nyumbani kwao. Aliyezaliwa Lodwar au Busia anaweza kupewa meza Kitui, mbele ya mama Mkamba aliyekuja kuulizia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Hana Kikamba, mama hana Kiingereza. Kilichobaki kati yao ni Kiswahili, na ubora wa Kiswahili cha afisa ndio utakaoamua kama mama atarudi nyumbani akijua hati ipi inakosekana au atarudi akijua tu kwamba amefukuzwa. Mkoloni alimpima afisa wake kwa jambo hili. Mtihani wa leo hauliulizi, na vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina kila sababu ya kuiandikia Tume kuliombea nafasi, hata kama ni swali moja la kumjibu raia kwa Kiswahili.

Namna ya kufanya mazoezi

Chama cha wanafunzi kinaweza kutenga saa mbili kwa juma. Watu sita wanatosha. Mmoja alete maandishi halisi ya umma: tangazo la kaunti kuhusu bajeti, ukurasa wa taarifa rasmi za Bunge, waraka wa wizara. Kila mmoja aufupishe kwa Kiingereza kwa dakika 20, kisha kwa Kiswahili kwa dakika 20, bila kutazama alichoandika kwanza. Halafu wabadilishane karatasi, na msahihishaji atafute mambo matatu tu: tarakimu iliyopotea, hukumu iliyojipenyeza, na hatua isiyo na mtu wa kuitekeleza. Katika nusu saa ya mwisho wanne wakae kama jopo na mmoja aulizwe maswali. Wa sita ashike saa. Ni vyema jopo liwe na mtu wa taaluma nyingine, wa kilimo au wa sayansi ya mazingira, kwa kuwa majopo ya kweli hayajai walimu wa fasihi.

Zoezi la kuanzia ni hili. Wachuuzi wa soko moja wanaandika kwamba wametozwa ada mbili kwa siku moja, Sh 50 asubuhi na Sh 50 jioni, na watu wawili tofauti, na kwamba wa jioni hakutoa risiti. Wanasema hawatalipa tena "mpaka Serikali ijitambue". Barua ifupishwe kwa maneno 40. Ielezwe ni ofisi ipi inayohusika na ada za soko na kwa msingi gani wa Katiba. Pendekezwe hatua tatu, kila moja na mtu wa kuitekeleza. Kisha wachuuzi waandikiwe jibu la Kiswahili lisilozidi mistari minane, ambalo halimtuhumu mtoza ada wa jioni na halimkingi.